Jicho linachuruzika, naambiwa ni kavu

BARUA

Shikamoo Shangazi. Nakuamkia kwa heshima ya hicho kiti ulichokalia, maana nina miaka 54 na huenda mimi ndiye niliyestahili kuamkiwa.

Niko Tanga, Ngamiani. Kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono, zile za vitundu vidogo vidogo ambazo kofia moja inakukalisha wiki kadhaa. Asubuhi nakaa barazani, jua likipanda naingia ndani, naweka feni mbele yangu, naendelea. Kazi hii nimeirithi kwa mama na imenisomeshea watoto, sina la kuilalamikia. Tatizo ni macho.

Tangu kaskazi ya mwaka jana yananitoka machozi bila sababu. Naamka kope zimegandana, tongotongo kavu pembeni. Mchana yanachoma, nahisi mchanga humo ndani, nikijitazama kwenye kioo sioni kitu. Ikifika alasiri yanaanza kuchuruzika, la kulia zaidi. Nikipanda baiskeli kwenda sokoni Mgandini na upepo ukanipiga usoni ndiyo balaa, nafika ncha ya kanga imelowa. Na nikishona, uzi unafifia. Nikipepesa mara mbili tatu naona tena vizuri, halafu unafifia tena. Miwani ya kusomea ninayo, kwa hilo haisaidii.

Sasa Shangazi, yangekuwa machozi tu ningevumilia. Mume wangu alioa mke wa pili mwaka jana, yuko Muheza. Aliniambia mwenyewe kabla, hakunificha, nami nikasema yangu nikayamaliza. Mtaa ndio haujamaliza. Nikikaa barazani nikajifuta, mpita njia anaguna, "Pole bibi wee." Wifi yangu mmoja alinikuta nimeinamia kofia machozi yanadondokea kitambaa, akaenda kumwambia kaka yake kwamba nalia mchana kutwa, tena nakaa barazani makusudi watu wanione. Kwenye harusi ya jirani nilijifuta pale bibi harusi anapotolewa, basi ikawa habari. Mume wangu amefika mahali ananiambia, kama una neno liseme, lakini usiniaibishe mbele za watu. Nikamwambia ni macho. Akanyamaza, ule unyamavu wa mtu asiyeamini.

Dawa nimehangaika nayo. Jirani kanishauri nioshe kwa maji ya bahari alfajiri, nikawa nateremka Raskazone, yakanichoma nikaacha. Duka moja la dawa walinipa kichupa cha matone. Nikitia, wekundu unaondoka muda huo huo, nami nikakipenda. Kikiisha nanunua kingine, na hawajawahi kuniuliza cheti cha daktari. Ila nikitia nasikia uchungu kooni, nalo lanitisha, dawa ya jicho imefikaje kooni? Usiku nameza kidonge cha mafua kile cha njano, kwa sababu kope zinaniwasha na kinanipa usingizi. Wanja napaka kama kawaida, ndani ya ukope, kama tulivyofundwa.

Kisha wakaja watu wa kupima macho bure, nikapanga foleni. Kijana akanigusisha kope kwa kikaratasi chenye rangi ya njano, akanimulika kwa taa ya buluu, akaniambia nisipepese. Akawa anahesabu chini chini. Alipofika nne akaacha. "Mama, macho yako ni makavu." Makavu, Shangazi! Mimi niliyekaa mbele yake na leso mkononi! Akaniandikia ninunue machozi ya chupa. Nikasema huyu ananicheza shere, karatasi nikaitumbukiza kwenye pochi. Jioni nikapenga kamasi, zikatoka za njano. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Nieleze, jicho linalochuruzika linakuwaje kavu? Na watu hawa nifanye nao nini?

La mwisho. Mjukuu wangu ana miezi minne, jicho la kushoto linalengalenga machozi tangu azaliwe, na asubuhi lina tongotongo. Mkwe anataka tumkamulie maziwa ya mama. Nimemzuia mpaka unijibu.

Mama Kofia, Ngamiani

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umri nimekupita, kwa hiyo shikamoo yako haikupotea.

Ile karatasi itoe kwenye pochi, tutaihitaji. Kijana hakukucheza shere. Mimi nimestaafu uuguzi wa macho, na kauli hiyo ya "macho makavu" nimeona ikiwatoa watu kliniki wamenuna, wengine na leso mkononi kama wewe. Inasemwa haraka haraka, foleni ndefu nyuma, mgonjwa anaondoka na kitendawili.

Alichokipima ni hiki. Ile rangi ya njano inachanganyika na machozi, na chini ya taa ya buluu inang'aa kijani. Ukiacha kupepesa, mpimaji anautazama utando wa machozi uliotanda mbele ya jicho, anahesabu sekunde mpaka uanze kupasuka na kuacha madoa meusi. Jicho zima, utando unastahimili sekunde 10 na kuendelea. Wako ulipasuka kwenye nne. Hakupima una machozi kiasi gani. Alipima kama yanakaa, akakuta hayakai.

Kwa nini hayakai? Watu hudhani machozi ni maji ya chumvi basi. Maji ni mengi kweli, asilimia 98 hivi, na chumvi yake inakaribiana na ya damu. Lakini yakitanda jichoni yanakuwa utando wa mikroni tatu hivi, yaani uigawe milimita moja vipande elfu uchukue vitatu, na katika wembamba huo yamo mambo matatu. Chini, panapogusana na jicho, pana ute unaotoka kwenye ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Huo ndio unaofanya maji yashike yasiteleze. Katikati ni maji yenyewe, yanatoka zaidi kwenye tezi iliyojificha juu, pembe ya nje, chini ya mfupa wa nyusi. Humo mna chumvi, sukari kidogo, na protini za ulinzi. Mojawapo ni laisozaimu, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria. Alexander Fleming, yule yule wa penisilini, aliandika habari zake London mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini yenyewe. Alikigundua kwenye kamasi, akakikuta na kwenye machozi, na ili apate machozi ya kutosha akawa anawakamulia wenzake maganda ya limau machoni. Ofisi nyingine hizo, mtu unakwenda kazini ukijua utalizwa.

Juu kabisa pana mafuta, na hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa nadhani ndipo penye ugonjwa wako.

Kila ukope una safu ya tezi nyembamba zilizosimama wima, za juu kati ya 25 na 40, za chini kati ya 20 na 30. Midomo yake inafunguka ukingoni, nyuma kidogo ya zilipoota nywele. Huitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Ukipepesa zinakamuliwa kidogo, mafuta yanatanda juu ya maji. Wewe mpishi, unajua mchuzi uliotanda mafuta juu hautoi mvuke upesi, na usio na mafuta unafuka mpaka unapoa. Ndiyo kazi yake jichoni, kuyazuia maji yasikauke.

Umri ukisogea, hasa mwanamke akishakoma hedhi, mafuta hayo yanakuwa mazito na midomo ya tezi inaziba. Kisha kuna wanja. Simkatazi mwanamke wa Tanga wanja, nitaanzia wapi? Ila hapo "ndani ya ukope" ulipofundwa kupaka ndipo hasa zilipofunguka tezi, na masizi ya miaka yote hiyo yamekaa juu yake. Paka nje, chini ya nywele, na usiku uoshe kabla ya kulala. Wanja wa jiwe achana nao kabisa, baadhi umejaa madini ya risasi.

Sasa unganisha. Mafuta yamepungua, maji yanakauka, kioo cha mbele cha jicho kinabaki wazi. Kioo hicho kina mishipa ya fahamu tele, kuliko karibu mahali popote mwilini, kwa hiyo kikikauka kinachoma, na ukitafuta mchanga huuoni. Taarifa inafika kwenye ubongo, ubongo unaiamuru tezi kubwa imwage maji, vile vile inavyofanya ukikata vitunguu au moshi wa kuni ukikufuata. Yanakuja mengi kwa mpigo mmoja kuliko mfereji unavyoweza kupokea, yanafurika shavuni. Na kwa kuwa mafuta bado hayapo, hayakai, baada ya kitambo jicho limekauka tena na amri inatoka tena. Huko kuchuruzika kwako ndiko ukavu wenyewe unavyojionyesha. Upepo wa kaskazi ukiwa juu ya baiskeli unaukausha utando haraka zaidi, ndiyo maana unafika Mgandini umelowa.

Na uzi unaofifia? Kioo cha jicho hakina mshipa hata mmoja wa damu, kingekuwa nao mwanga usingepita vizuri. Ukiwa macho, oksijeni kinaipata hewani, kupitia kwenye machozi. Usawa wa uso wake nao unatokana na machozi hayo hayo. Utando ukipasuka, mwanga unatawanyika na uzi unafifia. Ukipepesa umetandaza utando mpya, uzi unarudi. Dalili hiyo peke yake ilitosha kunielekeza kwenye machozi kabla sijafika kwa kijana wako na taa yake.

Njano ya puani ndiyo habari njema katika barua yako yote. Simama kwenye kioo, mahali penye mwanga, uvute kidogo ukope wa chini upande wa pua. Utaona kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano, na juu kuna mwenzake. Machozi yaliyotumika yanaingia hapo, yanateremka kwenye mfereji hadi puani, kisha kooni. Ndiyo maana mwenye kulia hupenga, na ndiyo maana umeonja uchungu wa dawa. Rangi imefika puani kwa njia hiyo hiyo, maana yake walau mfereji mmoja unapitisha. Kijana akikupima tena mwombe atazame wa kulia kwa makini, kwa kuwa ndio unaochuruzika zaidi.

Hayo yanaweza kungoja. Kichupa hakiwezi.

Kichukue usome maandishi madogo. Ukiona neno linaloanzia na dexa, beta au predni, hiyo ni steroidi. Inaondoa wekundu muda huo huo, ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana muuzaji anayetaka mteja arudi hawezi kuishiwa nayo. Lakini ikitumika muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo inaua mshipa wa kuonea kimya kimya, hauumwi wala huoni tofauti mpaka umepoteza. Kilichokufa huko hakirudishwi kwa dawa wala kwa upasuaji. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha virusi au fangasi kwenye kioo, inakipa nafasi ya kutanda. Usinunue kingine. Wiki hii hii nenda kitengo cha macho cha hospitali ya Bombo na kichupa chako mkononi, uwaambie umekitumia tangu lini, wakupime presha ya macho. Wao ndio waamue kinaachwaje. Na hata kama si steroidi, hizo nyingine za kuondoa wekundu hukaza mishipa ya damu kwa muda, zikiisha nguvu wekundu unarudi na marafiki zake. Nikisikia habari za matone yanayouzwa hivi bila cheti napandwa na hasira ambayo haifai umri wangu.

Kidonge cha njano pia kiache. Dawa hizo za mafua na mzio hukausha, ndiyo kazi yake puani, na zikishaingia mwilini haziishii puani. Unameza usiku ili usiwashwe, unaamka kope zimegandana. Kama kuna dawa nyingine unakunywa kila siku, ya presha, ya usingizi, ya mawazo, itaje hospitali, baadhi nazo hupunguza machozi. Kama na kinywa kinakukauka mpaka mkate haushuki bila maji, au viungo vinauma asubuhi, litaje hilo pia, upo ugonjwa wa kinga unaoshambulia tezi za machozi na za mate pamoja. Na upime sukari, mtu wa umri wetu hapotezi kitu.

Tiba yenyewe ya kope ni ya nyumbani na haina gharama, ila inataka ukaidi. Kukanda. Wewe umekanda wazazi, mkono unaujua. Chukua kitambaa safi cha pamba, maji ya moto ambayo ndani ya mkono wako yanavumilika bila kuruka, kamua, funga macho, weka juu ya kope. Kinapoa upesi, baada ya dakika mbili hivi kichovye tena. Endelea dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni. Joto linayeyusha yale mafuta yaliyoganda. Hapo hapo, kabla hayajaganda tena, osha mikono na usugue kwa kidole taratibu, ukope wa juu ukielekea chini, wa chini ukielekea juu, yaani kila mara kuelekea zilipo nywele. Usibonyeze jicho lenyewe. Malizia kwa kupangusa ukingo kwa pamba iliyochovywa maji yaliyochemshwa yakapoa, uondoe magamba. Siku za kwanza hutaona tofauti, na wengi huacha hapo. Zipe kope wiki nne mpaka sita.

Machozi ya chupa ni kitu cha kweli, si mzaha. Mengi ni maji yenye chumvi kiasi cha jicho na kitu cha kuyafanya yakawie, kama kaboksimethili-selulosi au hipromelosi. Na hapa watu wanapoteza pesa. Jicho lina machozi ya maikrolita saba hivi kwa wakati mmoja, na tone moja la chupa ni maikrolita 30 hadi 50. Tone moja tayari limezidi, la pili ni la shavu. Vuta ukope wa chini, dondosha moja, funga jicho, bonyeza pembe ya ndani upande wa pua kwa dakika moja hivi ili lisikimbilie kooni. Ukijikuta unatia zaidi ya mara nne kwa siku, uliza yale yasiyo na dawa ya kuzuia kuoza, maana dawa hiyo ikitumika mara nyingi nayo inaumiza jicho. Bei yake ni kubwa kidogo, sikufichi.

Maji ya Raskazone yaache kwa wavuvi. Chumvi ya machozi ni kama asilimia 0.9, ya bahari ni 3.5, karibu mara nne. Yanavuta maji kutoka kwenye jicho ambalo tayari limekauka, na hapo sijataja kinachooga humo. Udhu endelea kama kawaida, uso uoshe, lakini usifikiche macho.

Kazini, feni igeuze ikupulize miguuni. Mtu aliyetulia tu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akiinamia sindano au simu zinashuka nusu au chini ya nusu, na nyingine zinakuwa nusu nusu, kope hazigusani. Basi ukimaliza tundu moja la kofia, kabla hujaanza jingine, funga macho taratibu mpaka kope zikutane, fungua. Kwenye baiskeli vaa miwani ya jua, ile pana inayofunika mpaka pembeni. Kaskazi ikipita utapata nafuu kidogo, lakini hata kusi ni upepo.

Nije kwa watu. Mtaa usiuhangaikie, ukiueleza habari za mafuta ya kope utasema umebuni. Mumeo ndiye wa kueleza, tena usimweleze wewe. Nenda naye Bombo. Aingie ndani, asikie daktari akisema, aone taa ya buluu, na ile karatasi ya kijana aisome kwa macho yake. Mwambie unataka mtu wa kukushika mkono kwa kuwa wakikutia dawa ya kupanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa. Si hila, ni kweli hutaona vizuri, na baiskeli siku hiyo iache nyumbani. Wifi naye mpe kazi. Mwombe jioni akuchovyee kitambaa. Akishakaa wiki mbili anakukanda na kuona magamba yanavyotoka, yeye ndiye atakayekuwa msemaji wako, na huyo akisema, nakuhakikishia, litafika Muheza.

Kama ndani ya machozi hayo yamo na ya uchungu, hilo ni lako. Ya uchungu na ya upepo yanatoka tezi ile ile, aliyeko barabarani hawezi kuyatofautisha, na wewe huna deni la kumtofautishia.

Najua utaniuliza habari za Ramadhani kwa sababu ya ule uchungu wa kooni. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, jicho halihesabiwi kuwa tundu linalofunguza, hata ladha ikifika kooni. Ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wako, au tia baada ya futari na kabla ya daku, kukanda kunaendelea saa yoyote.

Na mjukuu. Umefanya vyema kumzuia mkwe. Maziwa ya mama yana sukari na hayakosi vijidudu vya ngozini, jichoni yanakuwa chakula chao. Yaende tumboni kwa mtoto. Watoto wengi huzaliwa na utando mwembamba uliofunga mwisho wa ule mfereji, kule puani, hivyo machozi hayana pa kwenda. Kwa walio wengi unafunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Kata kucha, nawa, weka ncha ya kidole pembe ya ndani ya jicho, pale kwenye mfupa wa pua, bonyeza kwa upole ukiteremsha kidole kuelekea pua. Mara tano mpaka kumi kila unapofanya, mara tatu au nne kwa siku, wakati wa kunyonya ndio mzuri, hapigi kelele. Tongotongo lipanguse kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka ndani kwenda nje, pamba mpya kila mara. Akitimiza mwaka bado linalengalenga, daktari anazibua kwa kijiti chembamba maalumu. Lakini pakivimba na kuwa pekundu kati ya jicho na pua, au usaha ukazidi, au kioo cha jicho kikawa na ukungu, au jicho likaonekana kubwa kuliko mwenzake na mtoto anakimbia mwanga, usingoje mwaka wala Jumatatu. Siku hiyo hiyo apelekwe hospitali.